Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Barafu, Jua na Mkondo wa Mkanda

Wazee wetu, mama zetu, manahodha na vijana wa chama, assalaam aleikum.

Nawashukuru mliofika leo hapa Faza, kisiwani Pate, hasa ndugu zetu wa Ndau na Kiwayu mliovuka na kusi bado inavuma.

Yasiyo na mengi nayapitisha haraka. Vikao vya kamati vilifanyika vyote isipokuwa kimoja kilichoangukia siku ya msiba. Hesabu zimekaguliwa, nakala imebandikwa mlangoni, na mweka hazina atakaa nayo baada ya sala ya adhuhuri kwa kila mwenye swali. Muda uliobaki nataka niutumie kwa jambo moja: umeme wetu utoke wapi, na uwe mikononi mwa nani.

Februari mnaikumbuka. Bahari ilikuwa imetulia, nguru walikuwa wakiingia, na usiku mmoja mashine yetu ya barafu, inayoendeshwa na umeme wa jua, ikanyamaza. Nilipofika bandani na tochi, taa ya inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri utumike na mashine, ilikuwa imezimika. Tulipofungua kifuniko asubuhi tukaona shaba imegeuka kijani na unga mweupe umeganda kwenye kila kiungo cha waya. Ilikuwa ni chumvi. Aliyetufungia mtambo aliuweka kwenye ukuta unaotazama pwani, na feni yake mchana kutwa ilikuwa ikivuta hewa ya bahari na kuipuliza ndani. Waliotuuzia wakajibu kwamba dhamana haihusu kutu. Siku tatu samaki wakauzwa kwa bei ya kutupa, na waliobaki wakatupwa kweli. Niliyetia saini kuipokea kazi ile bila kuuliza habari ya chumvi ni mimi, na kwa hilo nawaomba radhi mbele ya mkutano.

Tangu hapo mambo mengi yamebadilika. Inverta imehamishiwa chumba cha ndani, kwenye sanduku lililozibwa. Paneli zinaoshwa kwa maji ya mvua kabla jua halijapanda, kwa sababu chumvi ikikaukia juu ya kioo inapunguza mwanga unaoingia. Vijana wetu wawili, msichana na mvulana, wamejifunza kupima betri na kubadilisha fyuzi, na tangu Aprili hatujamwita fundi wa nje hata mara moja. Katika yote ya mwaka huu, hili ndilo ninaloona fahari kulisema.

Tumejifunza pia kutengeneza barafu nyingi saa za jua kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisha mashine ikapumzika usiku. Zamani tulikuwa tukichosha betri usiku kucha ili kugandisha maji. Lakini barafu yenyewe ni akiba. Kilo moja ikiyeyuka inanyonya joto la kilojuli 334, na ukiifunika vizuri kwa gunia na povu inalala baridi mpaka mashua zirudi alfajiri. Betri za risasi ukizimaliza kupita nusu kila siku zinakufa mapema, na zetu za kwanza zilikufa hivyohivyo. Ndiyo maana kamati imeamua kununua za lithiamu. Bei yake ni kubwa, ila zinavumilia.

Sasa nije kwenye suala ambalo wengi mmeniuliza njiani. Mwaka huu walikuja wageni wakazungumzia kutega mitambo ya umeme kwenye mkondo wa Mkanda, mlango ule mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Wengine wenu mlifurahi sana, wengine mkaogopa. Mimi sikuwajibu papo hapo, nilitaka kwanza nielewe.

Bahari inatoa umeme kwa njia zaidi ya moja. Ya kwanza ni kuziba hori kwa ukuta, maji yakijaa na kupwa yapite kwenye turbini. Ufaransa wanao mtambo wa namna hiyo kwenye mto Rance tangu 1966, wenye nguvu ya megawati 240. Lakini pale tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 8 kwa wastani, na sisi hata siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, ni mita 3 na ushei. Na hata yangetosha, ni nani kati yetu angekubali hori lizibwe? Mikoko inataka maji yaingie na kutoka, na kamba na kaa wachanga wanakulia humo. Hilo kwangu limekwisha.

Njia ya pili ndiyo waliyoileta wageni: rafadha iliyozama, inayozungushwa na mkondo wenyewe bila ukuta. Huko kaskazini mwa Scotland, kwenye mlango wa Pentland Firth, ziko 4 za megawati 1.5 kila moja. Basi mimi na nahodha mmoja tulikwenda Mkanda na dafu na kamba ya mita 20. Siku ya bamvua, maji yakikimbia, tuliliachia dafu na likamaliza kamba wakati bado nahesabu tarakimu za mwanzo. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu ambapo bahari haijai wala haipwi sana, tulirudi na dafu lilelile. Lilizunguka ubavuni mwa mashua kama lililotia nanga, nahodha akaanza kulisukuma kwa kasia.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Nguvu ya mkondo haipungui sawasawa na kasi. Kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki thumuni, sehemu moja kati ya nane. Rafadha itakayokupa taa 80 siku ya bamvua, mwendo wa maji ukiwa nusu itakupa taa 10, na bado hujafika maji mafu yenyewe. Juu ya hayo Mkanda ni njia. Wagonjwa wa Pate wanaokwenda hospitali Amu, mjini Lamu, wanapita pale, na mizigo ya maduka yetu inapita pale.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akisema mwenyekiti ameikataa bahari. Jua lafunikwa na wingu, kusi yaweza kukatika wiki nzima ya matlai, ila bamvua halikosi miadi yake. Wazee wetu wanajua siku yake kwa kuutazama mwezi tu. Umeme unaojulikana saa yake ya kuja una thamani, na mitambo midogo inayofaa mikondo ya polepole ikipatikana kwa bei tunayoiweza, nitakuwa wa kwanza kwenda kuonyesha mahali ambapo haitazuia mashua.

Njia ya tatu inawahusu zaidi ndugu zetu wa Komoro, ambao lugha yao na yetu ni za tumbo moja. Visiwa vyao ni vya volkano, ukitoka ufukweni kidogo tu bahari inazama vilindini. Maji ya juu yana joto la jua, na mita 1,000 chini ni baridi ya nyuzi 5 hivi. Tofauti ya nyuzi 20 inatosha kuchemsha amonia, ileile inayotumika kwenye viwanda vikubwa vya barafu. Mvuke wake unazungusha turbini, kisha maji ya kilindini yanaugeuza kuwa majimaji tena. Kisiwa cha Nauru kilijaribiwa mtambo huo 1981. Ulitoa kilowati 120 hivi, na karibu 90 zikaliwa na pampu zake wenyewe. Kumejima kule Japani wamekuwa na wa kwao mdogo tangu 2013. Kwetu Lamu kina kifupi kinakwenda mbali sana kutoka pwani, bomba la kufikia baridi hiyo lingekuwa refu mno. Komoro wanayo bahari hiyo mlangoni, wanayo na joto la mlima Karthala chini ya miguu, na bado umeme wao kwa sehemu kubwa unatoka kwenye dizeli inayoletwa kwa meli. Inaniuma, kwa sababu dizeli ya Faza nayo tunaijua inavyopanda bei.

Kuna wanaosema tungoje tu waya kutoka bara. Waya ni mzuri, na Amu wameonja tofauti tangu laini ya Rabai, Malindi na Garsen ifike. Ila tuwakumbuke Unguja. Waya wao wa chini ya bahari ulipopata hitilafu Mei 2008 walikaa gizani karibu mwezi, na Desemba 2009 tena wakakaa miezi mitatu. Kisiwa kinachotegemea njia moja, njia hiyo ikikatika hakina pa kushika. Shelisheli walisimamisha turbini 8 za upepo bandarini Mahé mwaka 2013, na sisi tunao upepo wa kusi kwa miezi. Kamati inapendekeza mwaka ujao tuweke kipima upepo mlingotini, tuandike kila siku, kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote.

Kuhusu wageni wa Mkanda, au wengine watakaokuja, naomba mkutano upitishe azimio. Juni 2019 mahakama ya masuala ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa megawati 1,050 uliokusudiwa Kwasasi, hapa Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wengi mlio hapa mlisimama kwenye mapambano yale. Kipimo hicho tusikiache kwa kuwa safari hii mradi unaitwa safi. Mwenye mradi wa bahari alete karatasi kwa Kiswahili, aonyeshe kwenye ramani mahali mitambo itakapokaa, aseme ni nani atakayeitengeneza ikiharibika na umeme wake utafika nyumba zipi. Kisha tukae barazani, kina mama wakiwemo, kabla ya mtu yeyote kutia saini.

Mwisho ni la betri. Zitafika Mokowe kwa lori wiki ya bamvua lijalo. Tutazipakia na kupita Mkanda maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo safari itaanza mapema. Nahitaji mashua mbili zisizovuja na zenye turubai zima, na watu wanane wa kubeba, maana tone la maji ya chumvi lisizifikie. Watakaojitolea waandikishe majina kwa katibu kabla ya kutoka, na wenye mashua waniambie leo kama zimekwisha kutiwa kalafati.