Ule moyo uliokuamsha saa nane

Mwanangu mpenzi,

Uliponipigia saa nane za usiku ukaniambia moyo unakudunda hadi unausikia kwenye mto, nilijikaza nisikutie hofu zaidi. Lakini hali hiyo naijua. Nikiwa na umri kama wako, moyo wangu ulikatika ghafla, kimya, kisha ukapiga pigo moja zito kama mtu anayegonga mlango kwa teke. Nikasema basi, ndiyo nakufa. Daktari alinipima umeme wa moyo akanieleza: pigo moja lilitangulia kabla ya zamu yake, moyo ukangoja kidogo, ukajaa damu kuliko kawaida, na ndiyo maana pigo lililofuata likawa na kishindo. Haukusimama, ulikuwa unangoja.

Moyo una kijisehemu juu, kwenye chumba cha upande wa kulia, kinachojiwashia umeme chenyewe. Kikiachiwa kiende kitakavyo, hupiga kama mara 100 kwa dakika. Waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine, ambao neva zake, yaani mishipa ya fahamu, zilikatwa, mapigo yao hubaki juu hata wakiwa wamekaa tu. Mimi na wewe tukitulia tuko kwenye 60 au 70 kwa sababu neva iitwayo vagasi inashuka kutoka kwenye ubongo na kuukanyagia moyo breki usiku na mchana.

Aliyeonyesha namna breki hiyo inavyofanya kazi ni Otto Loewi, kule Austria. Mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lile alilipata ndotoni, akaamka akaliandika gizani, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake! Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii akaenda moja kwa moja maabara. Alichochea vagasi ya moyo wa chura mpaka ukapunguza mwendo, akachukua maji yaliyouzunguka akamiminia moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo bila kuguswa. Kumbe neva huzungumza kwa kemikali inazotoa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1921, na Tuzo ya Nobel akaipata mwaka 1936.

Sasa wewe. Ukiwa na wasiwasi, breki inalegezwa, na neva za upande wa pili pamoja na adrenalini, kemikali ya mwili ya wakati wa hofu, zinaongeza mwendo. Mwili unajiandaa kukimbia. Ila saa nane za usiku umelala chali, miguu haina kazi, na moyo umeshawashiwa safari. Unausikiliza, unaogopa, nao unazidi. Hofu inalishwa na hofu.

Sikwambii ni mawazo tu. Neno hilo nililichukia nilipoambiwa. Msongo unaodumu hupandisha presha na kuharibu usingizi, na kwa moyo wenye ugonjwa unaweza kuamsha mapigo yasiyo na mpangilio. Madaktari wa Japani wameeleza hata moyo unaodhoofika ghafla baada ya msiba au hofu kuu, ukatuna chini kama mtungi wa kunasia pweza, wakauita takotsubo. Wengi hupona baada ya wiki chache.

Fanya hivi usiku wa leo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Vuta pumzi taratibu: mapigo yanakazana. Itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta: yanaachana. Hiyo ni vagasi unayoigusa kwa vidole. Endelea dakika tano, kama pumzi sita kwa dakika. Na kahawa ya jioni, tafadhali, iache.

Lakini ukizimia, ukibanwa kifua, ukiishiwa pumzi, au moyo ukianza kurukaruka bila mpangilio ukiwa katikati ya mazoezi, usikae kuhesabu pumzi. Nenda hospitali, nipigie ukiwa njiani. Na hata bila hayo, wiki hii kapime umeme wa moyo, na damu pia, maana upungufu wa damu, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, navyo hukimbiza moyo.

Kesho kabla hujashuka kitandani, hesabu mapigo kwa dakika nzima, uniandikie namba. Yangu leo asubuhi ilikuwa 64.

Mama yako