Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa TSC (tume inayoajiri walimu) wa kaunti: tupeni ukaguzi mmoja usio na maksi

Bwana Mkurugenzi,

Salamu kutoka Ahero, Kisumu. Huku mvua imeshika na ule udongo mweusi wa Kano umeanza kung'ang'ania matairi ya boda, kwa hivyo najua CSO wetu, yule afisa wa TSC wa kuzungukia shule na kusaidia walimu na mtaala, hatamaliza shule zake muhula huu na wala simlaumu. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo walimu tunaongea kila siku kwa stafrumu lakini likifika kwa mkutano kila mtu anaangalia viatu vyake.

Jambo lenyewe ni TPAD, ule mfumo wa TSC wa kupima kazi ya walimu. Usiseme nimekuja kuipinga, la. Tangu ianze 2016 mimi naona imesaidia kwa upande wa mahudhurio, yule mwalimu wa kuripoti Jumatatu na kuonekana tena Alhamisi siku hizi ana kazi ngumu kujieleza. Hapo nawapa heko. Shida yangu ni pale kwa kuangaliwa somo. Kila muhula ninatakiwa niangaliwe nikifundisha, dipti (naibu wa mwalimu mkuu) au mwalimu mwandamizi aketi darasani kuanzia mwanzo hadi kengele, alafu tukae chini tuongee, ndio maksi ziingie kwa mfumo. Hivyo ndivyo karatasi inasema. Sasa mimi nimefundisha shule kadhaa (sitazitaja, watu wana familia) na nitakuambia vile inafanyika: ni wiki ya kufunga shule, mtandao umelemewa, watu wote wameinamia simu, chai iko mezani, na dipti anauliza kutoka kona ile, "Mwalimu, wewe nikuwekee ngapi?" Na mwenyewe anajibu, "Weka themanini na kitu, usizidishe watashuku." Wengine hata hawajazi wenyewe, kijana wa saiba, duka la kompyuta, ndiye ana paswadi za nusu ya stafrumu.

Rahisi kusema hao ni wavivu. Si wavivu. Dipti wa shule ya msingi ana masomo yake ya kufundisha kama sisi, ana kesi za wazazi, ana chakula cha watoto cha kusimamia, na hata akipata nafasi ya kuketi darasani, ataandika nini? Anajua hizo maksi zinaangaliwa mtu akienda intavyuu ya kupandishwa cheo. Mwenzake amekaa gredi moja ya mshahara miaka na mikaka, watoto wako chuo, na wewe unataka huyo dipti aandike kwamba mwalimu huyu anaongea na ubao badala ya wanafunzi? Haandiki. Na mimi mwalimu nikijua huyu ameketi nyuma yangu ana kalamu ya kunihukumu, nitamfundishia somo lile nilishafundisha wiki jana, watoto wanajibu kama kwaya, kila mtu anafurahi. Mtu anayepimwa hawezi kukuonyesha mahali panapomuuma. Kwa hivyo kwa mfumo wote tuko sawa, na darasani kila mtu anajipigania peke yake.

Wanaoumia sana ni hawa walimu vijana wa JSS, sekondari ya chini. Walipoanza Gredi ya 7 mwaka wa 2023 wakawekwa ndani ya shule za msingi chini ya mwalimu mkuu wa msingi, ambaye mara nyingi alisomea P1, cheti cha ualimu wa msingi, na hajawahi kufundisha masomo yao. Wengi wao wakaingia kama wanagenzi, elfu 20 kwa mwezi, wakingojea kuajiriwa kwa kudumu. Mwalimu mkuu anaogopa kumkosoa mwenye digrii, mwenye digrii anaogopa kusema hii mada ya umeme inanishinda bila maabara, manake akisema ataonekana hafai. Wanasalimiana vizuri tu, na hayo mambo ya kelele za JSS kutaka kujitawala nitayaachia vyama.

Nimeona ikifanywa vizuri mara moja. Kulikuwa na mama mmoja dipti, alikuwa anaingia Gredi ya 4 kwa mwenzangu kipindi cha hisabati, cha kugawanya. Anakaa kwa dawati la nyuma kabisa magoti yakigusa kidevu, amechukua fulskepu amechora madawati yote kama visanduku, na kila mara mwalimu akimuuliza mtoto swali anapiga kistari kwa kisanduku cha huyo mtoto. Ni hayo tu, dakika zote 35. Brek ikifika akampa mwenzangu ile karatasi akamuuliza, "Hawa wa kona ya kulia walikukosea nini?" Vistari vyote vilikuwa mbele na upande wa dirisha, ile kona nyeupe pe. Hakukuwa na maksi, hakuna kitu kilienda kwa mfumo, na mwenzangu hakukasirika juu hakukuwa na kitu cha kubishania. Wiki iliyofuata mama akarudi na karatasi nyingine. Vistari vilikuwa vimefika nyuma, lakini sasa wasichana wa karibu na mlango ndio walikuwa wamesahaulika, basi wakacheka wakapanga tena.

Dada yangu ni nesi kwa kituo cha afya, na huko wakibadilishana shifti in-chaji anapita kitanda kwa kitanda na yule mwanafunzi, anamuuliza hii dripu umehesabu vipi, saa hiyo hiyo mgonjwa akiwa hapo. Sisi tunangojea wiki ya kufunga.

Maafisa wakija nao wanaitisha faili. Azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, saini, mhuri, twende shule nyingine. Leo anakuja QASO, afisa wa ubora wa elimu, wa wizara, kesho CSO wa TSC, na wote wanataka faili ile ile. Bwana Mkurugenzi, hizo faili zinachapishwa saiba! Kuna azimio moja la Gredi ya 6 linazunguka huku na kosa la tahajia ukurasa wa kwanza, na kosa hilo utalipata kwa kila shule utakayoingia.

TPAD yenyewe ni ya Nairobi, najua huwezi kuibadilisha ukiwa kaunti. Lakini haya mengine naamini yako mikononi mwako. Ruhusu kila mwalimu aangaliwe angalau mara moja kwa muhula bila maksi, karatasi ibaki kati ya hao wawili, na iwe mapema, sio wiki ya mitihani. Waambie CSO kwamba afadhali amalize siku nzima kwa shule moja akiketi madarasani kuliko kusaini vitabu vya wageni vinne. Na kwa JSS, acha mwalimu wa sayansi wa shule moja aende aketi kwa somo la mwenzake wa shule jirani ndani ya zoni, na mwalimu mkuu asimhesabu kama ametoroka kazi.

Ukiogopa kuanza na kaunti nzima, anza na zoni yetu muhula ujao. Walimu wakuu wawili nimeshaongea nao na wamekubali, wanachotaka ni barua kutoka ofisi yako tu ndio wasiulizwe baadaye ni nani aliwaruhusu.

Ni mimi,
Mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Ahero