Senje, kosa si malezi yako

Senje, shangazi yangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu maneno uliyoambiwa pale kwenye jumuiya ya kanisa uliambiwa mbele ya watu. Eti mama aliyeongoza akina mama wa kigango kwa miaka yote hiyo ameshindwa na watoto wake mwenyewe: binti wa Leicester hajabatiza mtoto, na kijana wa Nakuru Jumapili asubuhi anaosha gari. Uliponisimulia kwa simu ulikuwa unaongea kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa, na limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Mimi sosholojia ndiyo niliyosomea na ndiyo ninayofundisha hapa Kisumu, na misa bado naenda. Kwa hiyo nisikilize kama mwalimu na kama mwanao. Hukuwalea vibaya. Yaliyowapata watoto wako yamewapata mamilioni ya watu ambao mama zao walisali rozari kila jioni kama wewe, na wako wasomi waliotumia maisha yao kuchunguza sababu.

Itoe ile kadi ya ubatizo ya marehemu baba yangu, uliyoihifadhi kwenye bahasha ya kaki. Imechanika kwenye mkunjo ikabandikwa selotepu. Jina la msimamizi wake liliandikwa kwa wino wa bluu, na tarehe ya kipaimara iliongezwa baadaye kwa mwandiko wa mtu mwingine. Kwa kadi hiyo kaka yako alipokelewa shule ya misheni. Aliionyesha alipotafuta kitambulisho, kwa kuwa karatasi nyingine ya kuthibitisha umri wake haikuwepo. Padre aliitaka tena kabla ya kumfungisha ndoa. Sasa mfikirie mjukuu wako yeyote aliyezaliwa Kakamega miaka hii. Anazaliwa hospitalini, anaandikishwa na serikali, na shule inataka cheti cha kuzaliwa. Hakuna dirisha lolote atakalosimama mbele yake aulizwe kama amebatizwa.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wanasosholojia wanalitazama. Mwaka 1966 Mwingereza Bryan Wilson alieleza kwamba dini inapopungua nguvu, kinachopungua ni uzito wake katika kuendesha jamii: fikra zake, desturi zake na taasisi zake haziamui tena mambo kama zamani. Mtu anaweza kubaki anaamini kabisa, lakini shule, hospitali, mahakama na soko vinajiendesha bila kuuliza kanisa. Usidhani ni habari za Ulaya peke yake. Nenda Kaimosi. Mafrendi, yaani wamisionari wa Quaker, walifika pale 1902, wakajenga shule, hospitali, hata kiwanda cha kupasua mbao. Leo pana chuo kikuu cha umma, na neno Friends limebaki kwenye jina. Kwenye shule zetu, Tume ya Kuajiri Walimu ilianzishwa 1967, na sheria ya elimu ya 1968 ikawageuza wamiliki wa zamani, yaani makanisa, kuwa wafadhili tu. Mwalimu aliyekuwa anaajiriwa na padre na kufutwa na padre akawa mtu wa serikali. Hakuna aliyeasi imani siku hiyo. Kazi ilihama, na mamlaka yakaifuata.

Kuna jambo la pili ambalo nadhani wewe mwenyewe unaliishi bila kuliona. Mjukuu akishikwa na homa usiku, asubuhi unampeleka apimwe malaria, anakunywa dawa, halafu unamwombea. Bibi yetu angeanza kwa kuuliza ni nani amemtupia jicho. Mwaka 1917, Mjerumani Max Weber aliwaambia wanafunzi wa Munich kwamba mtu wa leo anaishi akijua kuwa hakuna nguvu za siri zinazoingilia mambo, na kwamba kimsingi kila kitu kinaweza kujulikana kwa hesabu na kwa ufundi. Haimaanishi mtu huyo anajua kila kitu. Anajua tu kwamba yuko mtaalamu mahali fulani anayejua. Tangu 2019 watoto wa Kakamega, Vihiga, Kisumu na kaunti jirani wamekuwa wakipata chanjo ya malaria, na wewe ulikuwa wa kwanza kuwahimiza majirani wapeleke watoto. Ulifanya vyema, wala Mungu hukumkana. Ila sehemu moja ya maisha, iliyokuwa ya maombi peke yake, imepata mwenyewe mwingine.

Sasa binti yako. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndiye anayekuumiza zaidi.

Yeye ni muuguzi, anafanya zamu, na zamu haijui Jumapili. Lakini zamu ni sababu ndogo. Anaishi katika nchi ambayo tangu 1948 mgonjwa hutibiwa bila kuchangisha ukoo. Mwaka 2004 watafiti Pippa Norris na Ronald Inglehart walilinganisha nchi nyingi za dunia, wakaona kwamba pale ambapo watu wamekua bila hofu ya njaa, ya ugonjwa usio na tiba na ya uzee usio na msaada, umuhimu wa dini hushuka kizazi baada ya kizazi. Wewe ulipolazwa, nani alilipa? Jumuiya ilipitisha bakuli, kikundi cha WhatsApp kikafunguliwa, M-Pesa zikaingia za mia na za hamsini, na katekista akaja wodini na komunyo. Imani yako na bili yako vilishikwa na mikono ile ile. Binti yako akiugua kesho, mikono hiyo haihitajiki. (Najua wako Wakenya wengi wanaojaza makanisa kule London na kwingineko, kwa sababu ugenini kanisa ni nyumbani. Yeye hakubahatika kulipata la namna hiyo, ama hakulitafuta.)

Pia amezungukwa na watu wa kila imani. Leicester hakuna dini hata moja yenye nusu ya wakazi: Wakristo, Waislamu, Wahindu na wasio na dini wanaishi mlango kwa mlango. Mwaka 1967 mwanasosholojia Peter Berger aliandika kwamba katika hali hiyo imani inaacha kuwa hewa unayoivuta bila kufikiri na inakuwa kitu cha kuchagua, na kinachochaguliwa kinaweza pia kuachwa.

Tena kuna jambo ambalo lingekuondolea mzigo kuliko yote. Watafiti David Voas na Alasdair Crockett walichunguza familia za Uingereza, wakachapisha matokeo 2005. Waliona kwamba wazazi wote wawili wakiwa watu wa dini, nafasi ya mtoto kurithi dini hiyo ni kama nusu kwa nusu. Mzazi mmoja tu akiwa mtu wa dini, nafasi inashuka hadi kama robo. Wasio na dini, wao hurithisha hali yao karibu bila kukosa. Yaani huko kanisa halimomonyoki kwa watu wazima kuasi. Kila kizazi kinapokewa kikiwa kidogo kuliko kilichotangulia. Sensa za Uingereza na Wales zinaonyesha hivyo: waliojiita Wakristo walikuwa kama asilimia 72 mwaka 2001, wakawa 59 mwaka 2011, na 46 mwaka 2021, huku asilimia 37 wakisema hawana dini. Binti yako ameolewa na mtu wa huko asiyesali, na mtoto wao amezaliwa ndani ya mkondo huo. Anayesema ni malezi yako anakubebesha historia ya nchi nzima.

Kijana wa Nakuru ni habari nyingine, na hapa nadharia za Ulaya zinaanza kuchechemea. Kwetu makanisa hayajakauka. Katika sensa ya 2019 waliosema hawana dini walikuwa takriban 755,000 nchini kote, kama asilimia 1.6 tu. Pita barabara za Kisumu wikendi uone waumini wa makanisa ya Kiafrika, Legio Maria na watu wa Roho, katika kanzu zao, ngoma mbele, na kipaza sauti cha mkutano wa injili kikishindana na cha msikiti. Wanasosholojia wa Marekani Rodney Stark na Roger Finke wangesema ndivyo inavyotarajiwa: makanisa mengi yanaposhindania waumini, wahubiri hujituma. Berger mwenyewe aligeuza msimamo. Kufikia 1999 aliandika kwamba dunia ina dini kali kama zamani, isipokuwa Ulaya Magharibi na tabaka la wasomi wa kimataifa. Namheshimu kwa hilo.

Basi kwa nini kijana hayuko misani? Nimezungumza naye kwa kirefu, na ameniruhusu nikuambie. Anasali. Anasoma Biblia kwenye simu. Alichokichoka ni kuona mwanasiasa akipewa kipaza sauti karibu na altare kwa sababu ya bahasha ya pesa. Hayuko peke yake: vijana wa maandamano ya Juni 2024 walilisema waziwazi. Mji anaoishi ulikuwa wa Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa Askofu wa Nakuru hadi 1996, aliyewatetea waliofukuzwa mashambani wakati wa mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini. Kisumu hapa tulikuwa na Henry Okullu, Eldoret kulikuwa na Alexander Muge, maaskofu wa Kianglikana, na serikali iliwaogopa wote wawili. Mwanasosholojia José Casanova alionyesha mwaka 1994 kwamba kanisa lililopokonywa shule na hospitali si lazima linyamaze; linaweza kuingia uwanjani na kusemea watu. Letu liliwahi. Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi alipozikataa pesa za rais Novemba 2024, kijana wako alinitumia habari hiyo usiku wa manane. Aliyekata tamaa na kanisa hafanyi hivyo.

Ninachoamini mimi ni kwamba kanisa limebaki na nguvu pale ambapo hakuna aliyeweza kuichukua kazi yake. Kijana alipofiwa na mkwewe, serikali ilitoa kibali cha mazishi, mochari ikatoa mwili, paybill ikakusanya mchango. Waliokesha na mjane wakiimba hadi alfajiri walikuwa akina mama wa jumuiya, wewe ukiwemo, na yeye alikaa katikati yenu usiku wote.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, Senje. Binti akipiga simu, usianze na swali la ubatizo. Muulize zamu zilivyokwenda, umsalimie na mumewe. Kijana akija Desemba, mwambie akupeleke misa, na usimpime kwa komunyo. Mwombe padre awape vijana kazi yenye maana kwenye baraza la parokia, si kupanga viti tu. Na yule mama wa jumuiya akirudia neno lake, mwambie nitakuwepo Jumapili ya mwisho wa mwezi, anitafute nje ya kanisa baada ya misa.