Kabla ya kuamua lililo jema

Ng'ambo, Tabora

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi katika Kristo. Barua yako nimeipokea, nami nakushukuru kwa kunipinga waziwazi.

Unasema kwamba Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alitupatia walau kipimo, yaani kutenda kwa kanuni ambayo tungetaka iwe sheria kwa watu wote, na kwamba Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1789, alitupatia kingine cha kupima tendo kwa furaha na maumivu linayoyaleta, ilhali wamistiki wa Kikristo, yaani watu wa sala waliotafuta kuungana na Mungu moyoni, wametuachia sala tu. Mimi naona wametuachia swali linalotangulia vipimo vyote viwili: je, huyu anayepima, moyo wake uko katika hali gani?

Hivi karibuni kikoba cha jumuiya yetu kilikaa kumjadili mjane aliyeshindwa kurejesha mkopo, ambaye dhamana yake ilikuwa cherehani. Katibu alisoma katiba, kwamba asiyelipa, dhamana yake huuzwa. Mwingine akapiga hesabu, akaonyesha kwamba tukimwachia yeye mfuko utakauka na wote tutaumia. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Ndipo mama mmoja mzee akaomba tunyamaze kwanza, kila mmoja ajiulize ana nini moyoni juu ya yule mjane. Baada ya kimya kirefu mweka hazina akasema kwamba ana kinyongo naye, kwa kuwa mjane huyo hakufika kwenye msiba wa mweka hazina. Katiba haikubadilika, wala hesabu, lakini kuanzia hapo tulizungumza kama watu wengine. Tukamwongezea muda, na cherehani anaitumia kutafuta fedha za kulipa.

Evagrius wa Ponto, mmonaki na mmoja wa wamistiki hao, aliyefariki katika jangwa la Misri mwaka 399, aliandika juu ya mawazo manane yanayomshambulia mtu, na hasira aliiona kuwa inaitia akili giza. Kwake, kusafisha moyo lilikuwa sharti la kuuona ukweli. Utaniambia kwamba Kant naye alijali nia, tena alikiri kwamba hata tukijichunguza kwa bidii hatuwezi kufika chini kabisa ya nia zetu za siri. Ni kweli, na namheshimu kwa hilo. Lakini pale Kant anapokiri na kuendelea, Evagrius anasimama na kuanza kazi.

Wala sisemi kwamba Magharibi nzima, walikotoka Kant na Bentham, inafikiri namna moja. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Zama za Kati, aliandika kwamba juu ya usafi wa kimwili mmoja huhukumu sawasawa kwa kuwa amesomea maadili, na mwingine kwa kuwa fadhila hiyo imekuwa tabia yake.

Hofu yako kwamba mtu wa sala anaweza kuyaita matakwa yake sauti ya Mungu ni ya haki, na wamistiki wenyewe waliijua. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, akiandika mwaka 1577, alisema kwamba hatuwezi kujua kwa hakika kama tunampenda Mungu, ila tunaweza kujua kama tunampenda jirani. Kipimo hicho hakijifichi ndani ya nafsi, kwa maana jirani yupo na anaweza kuulizwa.

Nijibu basi: walimu wako wanamfundishaje mtu kukitambua kinyongo chake kabla hajaishika kanuni? Kama njia wanayo, niandikie kwa kirefu, maana tunaihitaji kila tunapokaa kikao.

Msalimie sana shemeji na watoto.

Ni mimi nduguyo katika Kristo.