Mwanangu, kabla hamjafika Luxor

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ratiba ya safari ya Misri uliyonitumia nimeisoma yote, nikairudia kwa miwani ya baba yako. Cairo, Luxor, Edfu, Kom Ombo, Aswan, Abu Simbel, halafu kurudi, na karibu kila siku mnaamka kabla ya adhana. Nimetafuta humo mahali palipoandikwa kwamba mtoto anapumzika, sikupaona. Tiketi zimeshakatwa, na mimi nimekuja kuambiwa zikiwa zimekatwa, kwa hiyo sikuandikii ili kukuzuia. Baba yako furaha yake haifichiki, na katika ukoo wetu sijui mtoto mwingine aliyempeleka mzazi wake mbali hivyo, ukiacha hija. Mungu akulipe kwa hilo. Lakini katika msafara huo yumo mume wangu mdogo, mjukuu wangu, na selimundu yake, ule ugonjwa wa chembe za damu, na mimi sitalala vizuri mpaka mrudi.

Jambo langu ni maji.

Najua unajua. Kliniki umekwenda naye wewe, dozi ya haidroksiyurea unaijua wewe, vidonge vya foliki unavihesabu wewe. Lakini kuna kitu hukijui, na yeye alinisihi nisikwambie. Likizo ya Juni alipokuwa hapa nilimkuta nyuma ya jiko anamimina maji ya chupa yake kwenye mche wa mpapai. Alikuwa anamimina taratibu, ameinama, anaangalia mlangoni. Nikakaa naye chini, sikumkemea. Akaniambia akinywa maji yote anabanwa mara kwa mara, na darasani akiomba ruhusa kila saa wenzake wanamcheka. Mwanangu, figo za watoto hawa hazishiki maji kama zetu, mkojo wanao mwingi hata wasiponywa sana. Yeye ameshapiga hesabu yake ya kitoto: nisiponywa, sitaomba. Na akikosa maji damu inakuwa nzito, chembe zinajikunja, zinaziba njia, halafu ndiyo yale maumivu ya miguu tunayoyajua sote.

Sasa nifikirie nikimwona mtoto huyo yuko Luxor, kwenye umati wa wageni, vyoo hajui viko wapi. Atakwambia amekunywa. Chupa itakuwa tupu. Wewe utaamini.

Kwa hiyo usimwulize mbele za watu kama anataka kwenda chooni. Baba yake aseme, "Mimi naenda, twende wote," na aseme hivyo kila baada ya muda, hata kama yeye hana haja. Weka noti ndogondogo za Kimisri mfuko wa nje, maana kwenye vyoo vya huko yupo mtu mlangoni anayetaka bahashishi, na usije ukaanza kutafuta chenji mtoto amesimama amebana miguu. Beba na karatasi za chooni. Chupa yake mjaze ninyi, na anywe mkiwa mmekaa naye, mnakunywa wote, hata baba yako.

Mahekalu. Sikatai mahekalu. Simtaki mtoto abaki hotelini anaangalia katuni wakati ninyi mnatembea, hilo nalo litamuumiza, na kubaki nyuma amekuzoea kupita kiasi. Ninachosema punguzeni. Karnak peke yake inatosha asubuhi nzima. Ule ukumbi mkubwa una nguzo 134, na zile 12 za katikati zinapanda mita 21 hivi, kivuli chake si haba. Kaeni humo. Baba yako ananisimulia kila jioni kwamba Firauni Seti wa Kwanza ndiye aliyeanza kuupamba na mwanawe Ramesses wa Pili akamalizia, na kwamba unaweza kuwatenganisha baba na mwana kwa kuangalia tu: michoro ya Seti imeinuka juu ya jiwe, mingi ya Ramesses imechimbwa ndani. Mpeni mtoto kazi ya kutafuta upande wa baba na upande wa mwana. Ni kazi ya kufanya umekaa chini ya nguzo, chupa mkononi. Na karibu na lile ziwa takatifu kuna sanamu ya mdudu, kombamwiko wa jiwe tungesema sisi, ingawa ni yule anayeviringisha kinyesi; waongozaji huwaambia watu waizunguke sanamu hiyo mara saba wapate bahati. Msimzungushe mtoto juani.

Bonde la Wafalme kuna vigari vya umeme vya kuwapandisha, mpandeni, hata kama ni mwendo mfupi. Tiketi ya kawaida inawaruhusu makaburi matatu. Chagueni la Ramesses wa Nne, halina ngazi nyingi, ni pana, na ukiinua macho darini unaona mungu mke wa anga amejinyoosha na nyota. Lile la Thutmose wa Tatu liko juu kwenye ufa wa mwamba, ngazi tupu, ndani hewa nzito. Mzee atataka kupanda. Apande na mumeo, wewe na watoto mbaki chini kivulini. Usimwachie babu yake mtoto wakati wa kupanda, maana mzee akianza kusimulia hasikii mtu anayehema nyuma yake. Miaka yote aliyofundisha historia alichora lile bonde ubaoni kwa chaki, na sasa anakwenda kuliona. Mpe nafasi yake. Ila mtoto asiwe mkononi mwake wakati huo.

Kwenye hekalu la malkia Hatshepsut ndipo ninapotamani ningekuwepo. Kuna ukuta umechorwa safari aliyoituma nchi ya Punt, karibu miaka 3,500 iliyopita. Nimeuona kwenye kitabu cha baba yako mpaka ukurasa umelegea. Chini ya majahazi wamechora samaki wa Bahari ya Shamu, kila mmoja na umbo lake. Nyumba za Punt ziko juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi. Halafu wanaume wamebeba miti mizima ya manemane, mizizi imo ndani ya vikapu, vikapu vinaning'inia kwenye miti mabegani, wanaipandisha chomboni ili ikapandwe mbele ya hekalu. Punt ilikuwa upande wetu huu, kule Pembe ya Afrika au mwambao wa Bahari ya Shamu, wataalamu wanabishana mahali hasa. Mwambie mwanao kwamba ule ubani bibi anaofukiza Ijumaa, watu wa Firauni waliufuata kwa merikebu. Huyo malkia alitawala kama mfalme, na ndevu za bandia wakamchora nazo, kisha aliyemfuata akaamuru sura zake zikwanguliwe. Mkwaruzo unaonekana mpaka leo. Hekalu lenyewe liko chini ya jabali jeupe linalorudisha jua usoni, kwa hiyo mwende mapema, na kofia, na maji.

Mtoto atauliza kama Ramesses ndiye Firauni wa Nabii Musa. Waongozaji wengine watamjibu ndiyo, bila wasiwasi. Wewe mwambie Qur'an haikumtaja jina. Sitaki arudi na hadithi ambayo maalimu wake atalazimika kuifuta.

Hekalu la Luxor nendeni jioni. Humo ndani kuna msikiti wa Abu Haggag, na unasaliwa mpaka leo. Ulijengwa wakati hekalu limefunikwa na mchanga, walipokuja kufukua, mlango wa zamani wa msikiti ukabaki unaning'inia juu ukutani, juu kabisa, hakuna anayeweza kuufikia. Baba yako anataka kusali hapo, msimharakishe. Kila mwaka mwezi wa Shaabani wanamfanyia Abu Haggag maulidi na kuzungusha majahazi mitaani, na wazee wa kale nao waliibeba jahazi ya mungu wao Amun kutoka Karnak hadi hapo. Ninyi mtayakosa maulidi, lakini mkikaa kwenye baraza ya mkahawa mkawasalimu watu kwa utulivu, watawasimulia. Kiarabu cha chuoni alichonacho baba yako kinatosha kuanzisha mazungumzo.

Sasa baridi. Mnadhani jangwa ni joto tu. Desemba mchana mtatembea na fulana, usiku na alfajiri mtatetemeka, na baridi kwake ni sawa na kiu, inabana mishipa. Lile puto la hewa ya moto linaloruka Luxor alfajiri, futeni kwenye ratiba. Najua lilikuwa zawadi yake ya kufaulu mtihani. Mtafutieni zawadi nyingine. Bwawa la kuogelea la hiyo meli mtakayopanda kwenye Mto Nile, hapana, maji ya baridi yameshatuponza mara moja na sitaki nirudie habari hiyo. Kiyoyozi cha chumba kizimwe kabla hajalala. Mkipanda mashua ya tanga machweo, avae sweta kabla upepo haujaanza, si baada. Nimemshonea soksi za sufu, zipo kwenye begi la baba yako, mfuko wa pembeni.

Na Abu Simbel. Umeandika mnaondoka Aswan saa kumi alfajiri kwa basi. Ni kilomita 280 hivi za jangwa, wageni wote wanafika pamoja, mnapewa muda mfupi, mnarudishwa. Baridi, kukosa usingizi, kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu, na choo hakuna mpaka dereva aamue. Mtoto hatakunywa hata tone. Mwanangu, hapo nakuomba kama mzazi: laleni Abu Simbel usiku mmoja. Ondokeni Aswan jua limeshapanda, mfike mchana, mwende hekaluni mabasi yameondoka. Toa Edfu au Kom Ombo, upate hiyo siku. Gharama ikizidi niambie, mbuzi wapo.

Baba yako hendi huko kwa ajili ya zile sanamu nne peke yake. Anataka kuona hekalu lililokatwa vipande likapandishwa mita 65 hivi, kati ya 1964 na 1968, ili maji ya Bwawa Kuu la Aswan yasilimeze, na likapangwa tena kwa namna kwamba jua bado linaingia mpaka ndani mwezi Februari na Oktoba. Akilisimulia hilo sauti inabadilika. Mimi huwa namwuliza habari za Wanubi. Mahekalu yalitafutiwa mafundi wa dunia nzima, na wenye nchi nao wakahamishwa, vijiji vyao vikabaki chini ya ziwa. Mkifika kijiji cha Gharb Soheil hapo Aswan, msikimbilie mamba na picha za kuta za rangi. Ingieni ndani, mkae, mnywe karkade, ndiyo ile choya yetu, na mtoto anywe mbili maana anaipenda, na muwaulize wazee walitoka wapi. Chakula chao hakitawashinda. Maharage asubuhi, na ile mulukhiya ni mlenda mtupu.

Dawa. Chukua barua ya Kiingereza kutoka kliniki, yenye jina la ugonjwa na dawa zake. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, pamoja na kipimajoto. Homa ikifika 38 msingoje asubuhi, hospitali. Tena sikiliza hili: baba yako ana vidonge vyake vya mgongo, tramadol. Misri hawachezi nayo hiyo. Mwaka 2017 kuna mwanamke kutoka Uingereza alikamatwa uwanja wa ndege kwa sababu yake, akahukumiwa kifungo. Nimevitoa kwenye begi lake, nimevificha, na akivitafuta mwambie ni mimi. Aulize daktari wake ampe kingine. Malaria huko hakuna, WHO, shirika la afya la dunia, iliwatangaza hivyo 2024, lakini mkirudi tu, chandarua, siku hiyo hiyo. Mwaka jana mlirudi kutoka Moshi mkalala bila chandarua kwa kuwa mmechoka, na unakumbuka tulikoishia.

Hapa nyumbani tuko salama. Bati za jiko zimeanza kuvuja upande wa stoo, fundi anataka bati sita na misumari, ametaja bei ambayo nimemwambia arudi nayo nyumbani akaifikirie tena. Dagaa wamepanda, siku hizi nanunua wa kupimia kikombe. Mdogo wako amepeleka posa, nao wametujibu vizuri, kwa hiyo Januari mkirudi usiniambie una kazi nyingi, tunakutegemea wewe kwenda na shangazi zako. Ile kanzu ya baba yako uliyomshonea Idi inambana begani, ila hatakwambia. Mtafutie galabia hukohuko, na bei upatane, wanaanza juu.

Hela ya bati ukiwa nayo tuma kwa namba ya mdogo wako, laini yangu imefungwa mpaka niende kusajili upya alama za vidole.

Mkifika Luxor nipigie kwa video. Usinitumie picha, kwenye picha siwezi kujua kama macho yake yamekuwa ya manjano. Nimwone, aniambie mwenyewe leo amekunywa chupa ngapi, na wewe uwe umetoka chumbani wakati ananijibu.

Mama yako