Tenzi Kwenye Runinga ya Kanisa

Ujiji, Kigoma

Mwalimu wangu Yeremia,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini Kasulu ni wazima na kwaya inasonga. Umeniuliza namna ya kuonyesha tenzi zenye maneno kwa vifaa hivyohivyo mlivyo navyo. Nianze na flashi, maana hapo ndipo Jumapili nyingi huharibikia.

Nunua ya GB 16 au 32, uifomati kwa FAT32, yaani mpango wa kuhifadhi faili unaosomwa na vifaa vingi. Runinga nyingi za zamani na sabufa hazisomi NTFS, mpango mwingine wa Windows. Utachomeka flashi iliyojaa, nazo zitakuambia ni tupu. Kasoro ya FAT32 ni kwamba faili moja haliwezi kufika GB 4, na hakuna utenzi mrefu hivyo. Video ziwe MP4 yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC. Sauti ikitoka huku kioo ni cheusi, shuku kwanza H.265, ubanaji mpya wa picha ambao vifaa vya zamani haviusomi. Sabufa iwekee MP3 tu. Kwa ubora wa kbps 128, wimbo wa dakika 4 unakula kama MB 4, kwa hiyo nyimbo 500 ni GB 2 hivi. Majina ya faili yaanze na namba ya kitabuni kwa tarakimu tatu: 007, 045, 120. Ukiandika 7 tupu, vifaa vingine vitaiweka nyuma ya 120. Na kuna sabufa zisizojali majina kabisa, zinafuata nyimbo zilivyonakiliwa. Kwa hizo nakili mojamoja kwa zamu.

Video za WhatsApp mwambie mtumaji azitume kama dokumenti. Zikija kwa njia ya kawaida hubanwa, na herufi zinakuwa ukungu kwa mzee aliyekaa benchi la nyuma.

Ukitumia laptopu kwa waya wa HDMI, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague kurudufu kioo. Sauti mara nyingi itahamia kwenye runinga; kama unaitaka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), irudishe kwenye spika za laptopu katika mipangilio ya sauti. Waya wa kwenda mikisa uwe na jeki ndogo upande mmoja na jeki mbili upande wa pili, kila moja na tundu lake. Ukichomeka jeki moja ya stereo kwenye tundu moja la laini (line) la mikisa, mwimbaji anapotea na vyombo vinabaki vikilia kwa mbali. Tundu lile hupitisha tofauti ya nyaya mbili, na sauti ya mwimbaji ambayo ni sawa kushoto na kulia inafutika. Watu huishia kulaumu spika bure. Ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya laptopu. Ukikoma, tatizo ni njia ya umeme.

Bluetooth iache kwa mazoezi. Sauti huchelewa kidogo, maneno yakatangulia. Simu iwe kwenye hali ya ndege, la sivyo itaita katikati ya sala.

Sasa lililo gumu kuliko waya. Video haimsubiri mtu. Waimbaji wa studio huenda mbio, waumini wetu huvuta mwisho wa kila mstari, na kufikia ubeti wa tatu kanisa na kioo vimeachana. Fungua kwa programu ya VLC: kitufe cha [ kinapunguza kasi, ] kinaongeza, = kinarudisha ya kawaida, na sauti ya waimbaji haiwi nzito. Kabla ya ibada hesabu beti, kwani video nyingi zina tatu au nne wakati kitabu kina sita. Zikipungua, tumia slaidi zenye maneno tu, mistari minne kwa kila moja, herufi nyeupe kwenye weusi, na mtu wa kubofya awe anaujua wimbo kwa moyo. Mimi kwa waumini wanaoimba bila kinanda ningechagua slaidi kila wakati.

Jaribu yote Jumamosi, kwenye runinga ileile na flashi ileile. Vitabu viwe karibu, umeme usije ukakatika.

Nisalimie mama watoto na wanakwaya wote.

Ndugu yako katika Kristo,
Elisha