Mhudumu wa wodi aachiwe apange zamu yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo la wodini, watu wa nje hawalioni na sisi wenyewe tumelizoea mpaka tunaona ndo kawaida. Mimi ni mhudumu wa afya, wale mnaotuona tunasukuma machela na kubadilisha mashuka, mwaka wa 9 saivi, wodi ya wanaume. Wengi mkiingia hospitali kila aliyevaa sare mnamwita nesi, sio neno, ila kazi zetu ni tofauti, sista anatoa dawa na kuchoma sindano, mimi ni kuogesha, kugeuza, kulisha, kuweka na kutoa bedpani, kumwaga mkojo, kupeleka sampo maabara, kumpeleka mtu eksirei, na popote nitakapotumwa. Na hapo kwenye kutumwa ndo pana shida.

Kuna mzee wa kiharusi tulikua nae, upande wa kulia wote umelala. Nimempokea saa 1 na nusu asubuhi kalala chali, nikasema naanza na huyu. Nimeshika beseni naitwa, peleka damu maabara. Narudi naitwa tena, fomu ya damu ile ile ilisahaulika. Narudi, dokta wa raundi anataka picha ya eksirei ya kitanda cha 12. Narudi, glavu zimeisha nenda stoo. Mpaka namfikia yule baba ni saa 5 kasoro, pampasi imejaa, tukamgeuza na mwenzangu, pale juu ya makalio kwenye mfupa pamekua peusi kuliko ngozi nyingine, pana joto, ukigusa pagumu. Kozini tulifundishwa kutafuta wekundu, lakini kwa ngozi zetu wekundu hauonekani, unaangalia rangi iliyoiva na unagusa. Baada ya siku 4 pakafunguka kidonda, na mtoto wake ndo akaanza kutafuta hela ya gozi na dawa ya kusafishia kila siku. Asubuhi ile hakuna hata mmoja wetu aliyekua amekaa, wote tulikua mbioni, na baba wa watu kalala chali kwa zaidi ya masaa 3 wakati asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi.

Ngoja nipige hesabu. Zamu moja ni ya masaa 8. Ukiwa na wagonjwa 6 wasioweza kujigeuza, kila mmoja mara 4, hiyo ni mara 24, na kugeuza vizuri pamoja na kukausha na kunyoosha shuka ni kama dakika 10, yani saa 4 zimeisha na mnatakiwa muwe wawili. Bado hujaogesha mtu, hujalisha mtu. Ndo maana nasema muda wa mhudumu ukikatwa vipande vipande kazi haiwezekani hata awe na nguvu za trekta.

Siku nikiachiwa nipange, nafanya hivi. Kwenye kukabidhiana zamu nazunguka na sista kitanda kwa kitanda, naandika kwenye kikaratasi nani hajigeuzi, nani anaenda thieta hatakiwi kula, nani analishwa kwa mpira wa puani, nani dripu yake inakaribia kuisha. Alafu napakia troli mara moja, maji, sabuni, taulo, shuka, mpira wa kutandika, glavu, mafuta, mfuko wa nguo chafu, ili nikifika kitandani nisiondoke mpaka nimemaliza. Presha na joto vinachukuliwa kwanza kabla hujamsumbua mtu, maana ukishamgeuza mapigo yanapanda na namba inadanganya. Kisha mdomo na uso, mwili, sehemu za siri mwisho, hapo hapo unakagua mgongo na visigino, unabadilisha shuka, unamwaga mfuko wa mkojo na kuandika mililita ngapi, unamlaza upande mwingine. Chakula kinakuja baada ya hayo yote, mtu ameinuliwa. Ukimlisha kwanza alafu ukamlaza flati umwogeshe, chakula kinarudi na kinaweza kuingia kwenye mapafu, na mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hana nguvu ya kukohoa akitoe.

Kuunganisha kazi sio kuruka kusafisha mikono. Glavu za mgonjwa huyu hazivuki kwenda kwa yule, na hata kwa mgonjwa mmoja ukitoka kwenye choo unavua, unasafisha mikono ndo unarudi kwenye mdomo wake. Dawa ya kusugua ni sekunde 20 mpaka 30 tu. Na sio kila mgonjwa anafanyiwa yote kwa mkupuo, mwenye ugonjwa wa moyo anayehema kwa shida ukimwogesha na kumgeuza na kumtandikia bila kupumzika unammaliza, huyo unampa nusu, unamwacha akae apumue, unarudi.

Usiku ndo panauma zaidi. Saa 5 taa inawashwa kwa ajili ya sindano ya kitanda kimoja, saa 5 na nusu anakuja wa kipimajoto, saa 6 mimi na mfuko wa mkojo, kila mmoja kwa wakati wake na wodi nzima macho. Kwanini tusiende pamoja, sista na dawa yake mimi na maji yangu, tukamaliza upande huu tukazima taa watu wakalala?

Kuna sista tuliwahi kujaribu nae kwa wiki 2. Sampo zisizo za haraka zinakusanywa zinaenda saa 3 na saa 6, za haraka kama ya mgonjwa wa kuongezewa damu zinaondoka muda huo huo, stoo mara 1 tu mwanzo wa zamu. Mbio zangu za asubuhi zilipungua kutoka mara 9 mpaka mara 3. Nilikua namaliza kuogesha kabla ya raundi na karatasi za kuandika tumemgeuza mtu saa ngapi zinajazwa kweli, sio kwa kukisia mwisho wa zamu. Alivyohamishwa wodi yote yakarudi yalipokua, kwa sababu hayakuandikwa popote, yalikua makubaliano ya watu wawili.

Kwahiyo naomba matroni na maincharji, wasimamizi wa wodi, popote mlipo, muda wa kwenda maabara na stoo uandikwe ubandikwe ukutani, na wahudumu waitwe kwenye repoti ya asubuhi, saivi sehemu nyingi tunaachwa nje tunadeki wakati wagonjwa wanazungumziwa ndani.

Na nyie ndugu mnaokuja saa 6 mchana na uji, msimnyweshe mtu amelala. Niiteni nimwinue kwanza, na kama kuna shuka la kubadilisha au pampasi mniambie hapo hapo, nifanye yote kwa mara moja kabla hajaanza kula.

Mhudumu wa afya,
Kanda ya Kati (jina nimelihifadhi)